Maziwa Chini ya Sifuri

Maziwa ya Ruiru yalikuwa yamesoma chini ya sifuri tena.

"Wambua, njoo," Aoko alisema kwenye simu. "Mashine inasema tumepokea lita hasi elfu thelathini. Na leo chairman yuko hapa, amekasirika kweli."

Wambua alitia disketi mfukoni, akafunga ofisi ya Thika, akaenda.

Yeye ndiye aliyeandika programu ya chama cha ushirika cha maziwa, kwa lugha ya C. Thika walikuwa na kompyuta mpya. Ruiru walirithi ile kuukuu. Kwenye mpya, namba ya aina ya int ilibeba mabilioni. Kwenye kuukuu, int iliishia elfu thelathini na mbili na ushei. Maziwa ya mwezi yakipita hapo, jumla ilipinduka ikawa hasi. Dawa aliijua. Alitunga faili ndogo ya kutaja aina za namba, na ndani yake jina lake mwenyewe, LITA. Thika, LITA ilimaanisha int. Ruiru, ilimaanisha long, aina yenye nafasi kubwa zaidi. Sehemu nyingine ya programu haikuguswa. Tangu mwaka huo wa 1995 uanze, alikuwa akiitibu hivyo kila mwezi, na kila mwezi ugonjwa ulirudi.

Hakuwahi kulalamikia safari. Nyumbani kwake Ngoingwa, tangu mkewe afariki, juma zima liliweza kupita bila mtu kumwita kwa jina. Majirani walimpungia mkono kutoka getini. Chakula cha jioni alikula amesimama jikoni, maana kuketi mezani peke yake kulimchosha kuliko kazi.

Aoko, karani wa Ruiru, alimwita Wambua karibu kila sentensi. Alijua hatumii sukari kwenye chai. Kompaila ilipokuwa ikitafuna maandishi yake kuyageuza lugha ya mashine, alimsimulia habari za kuku wake wa nyumbani Mugutha, yupi ametaga, yupi kaliwa na kicheche, na Wambua alicheka hadi akajishangaa.

Siku hiyo hakukuwa na habari za kuku. Bwana Kagwe, mwenyekiti, alisimama nyuma ya kiti cha Aoko.

"Nimeuliza fundi mmoja Nairobi," Kagwe alisema. "Ameniambia programu ikitengenezwa haijiharibu. Kuna mkono hapo. Sasa hapa anakaa nani peke yake siku nzima?"

"Mimi hata hiyo faili sijui kuifungua." Aoko alimgeukia fundi wake. "Wambua, si umwambie?"

"Ni kompaila," Wambua alisema bila kuinua macho. "Ni ya zamani sana."

"Aii, hiyo uliniambia mwezi jana, na ule mwingine." Kagwe alichukua kofia yake. "Maziwa yakirudi chini ya sifuri, huyu mama ataenda nyumbani. Sitaki maneno mengi."

Akatoka. Aoko alibaki akitazama mikono yake. Wambua akafungua faili. Vidole vilijua mstari wa kwenda kabla skrini haijatulia. Akaandika long. Kompaila ikatafuna, na jumla ikatoka safi, lita zote zimerudi juu ya sifuri.

"Imepona?"

"Imepona."

"Usinifiche, Wambua. Nikitoka hapa sina pengine pa kwenda."

Alitaka kumuuliza kama mtu anaweza kuja Ruiru hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Badala yake akamalizia chai aliyowekewa, ambayo ilikuwa imepoa.

"Haitarudi," alisema.

"Kweli?"

"Kweli, Aoko."

Aoko alijifuta macho kwa ncha ya leso, akachukua vikombe, akaenda kuviosha bombani nyuma ya ofisi, kama alivyofanya kila mara kazi ikiisha.

Kila mwezi, hizo ndizo dakika ambazo Wambua alizitumia kuifungua ile faili tena, kurudisha int na kuipitisha upya kwenye kompaila. Safari hii alizima mashine, akachukua koti lake, akatoka kwenda kumuaga.