Mashine Kuukuu ya Koplo Zamaradi

Mashine mpya ya kuficha ujumbe wa jeshi ilikuwa mezani, imepambwa kwa taa kama bibi harusi. Ile kuukuu ilikuwa uani inangoja nyundo, maana mashine ya siri haiuzwi wala haitupwi jalalani. Huvunjwa mbele ya mashahidi.

Koplo Zamaradi, aliyeitunzia siri zake hata akasahau kusengenya, alikuwa tayari kuiaga. Kilichomchoma ni Kapteni Mpoki. Neno la kufungulia mashine mpya lilikuwa limemtoka kichwani, akampigia simu fundi, na sasa alikuwa analirudia kwa sauti katikati ya uwanja.

"Afande, rudia hapo mwisho," Mama Siwema wa jikoni akamwambia huku akipepeta mchele. "Huku hatujasikia vizuri."

Wapishi wakaangua kicheko. Zamaradi hakucheka. Malori yalikuwa yanaunguruma, yamejaa askari, na njia watakayopita ndiyo ujumbe aliotakiwa kuutuma.

"Neno libadilishwe kwanza, afande," akamwambia Kapteni alipoingia ofisini.

"Fundi anakuja Jumatatu. Tuma, Koplo."

"Basi niutume kwa ile ya zamani. Kule mpakani bado wanayo nyingine kama hiyo."

"Hii ni ya kisasa. Acha wasiwasi wa kizee."

"Mashine ni ya kisasa, afande. Mdomo je?"

Zamaradi akatoka uani, akaikalia ile kuukuu kama kigoda, akakunja mikono. Kapteni akamfuata na nyundo, akasimama, asijue aipige wapi.

Kutoka kwenye lori la mbele askari mmoja, naye alikuwa amelisikia lile neno, akaruka chini, akaja akakaa mchangani kando ya Zamaradi. Wa pili alikuwa anateremsha begi lake.