Mlinzi wa Kifukofuko

Zamani, ndege walipokuwa bado wakisemezana na mlo wao, ndege Shore alimfuma Kiwavi mnene wa kijani akitafuna majani.

"Shikamoo, kaka," alisema Kiwavi.

"Marahaba, kitoweo."

"Ukinila leo utameza majani matupu. Ngoja nijifunge kwenye kifukofuko. Nikitoka nitakuwa mpana kama kiganja."

"Na ukinitoroka?"

"Aliyejifungia ndani kwa uzi wake mwenyewe atatorokea wapi?"

Shore alikubali, maana alipenda vikubwa. Kiangazi chote alikilinda kifukofuko. Aliwafukuza siafu, akamdonoa Mjusi mkia. "Tokeni! Hicho ni changu!"

Mvua zilipoanza, kifukofuko kilipasuka, akatoka nondo, yule kipepeo wa usiku, mabawa yamelowa na kukunjamana. Shore angeweza kumla palepale, lakini alingoja mabawa yakauke na kutanuka, asikose hata kipande.

Yalipotanuka, macho mawili makubwa yakamkodolea.

"Bundi! Jamani, bundi!" Shore aliruka bila kutazama nyuma.

Yalikuwa madoa tu ya mabawani. Nondo alitamani sana kumshukuru mlinzi wake, lakini nondo wa ukoo ule hawana mdomo.