Mahali Aliposimama Ngige

Usijifanye hukuona. Mwaka wa tisini na mbili, gari la mbio lilipoacha njia kwenye kona ya karibu na Mabanga na kupita katikati ya watu kama panga katika magugu, wewe uligeuza uso. Kesho yake ukasoma gazetini kwamba watazamaji walikuwa wazembe, ukamaliza chai yako, ukaenda kazini. Watu saba. Haya, taja jina la mmoja tu.

Ngige aliweza kuyataja yote, na la mwisho lilikuwa la mdogo wake, Kibe.

Siku hizo hakukuwa na mpiga picha za rali kumzidi Ngige, kutoka Kitale hadi mpakani Suam. Siku ile alisimama nje ya kona kwa sababu ndipo mwanga ulipokuwa mzuri, na watu wakamfuata. Ndivyo ilivyo huku kwetu: mwenye kamera kubwa ndiye ajuaye gari litarukia wapi, basi umati hujipanga nyuma yake. Gari lilipoanza kuserereka, Ngige alipiga kelele, "Tokeni!" Wakacheka. Kila mpiga picha husema hivyo. Yeye alikuwa akilitazama gari, akawahi kuruka mtaroni. Wao walikuwa wakitazama mgongo wake.

Kamera ile akaitundika msumarini. Kwa miaka kumi na mitatu akawa mtu wa picha za kitambulisho tu, katika kibanda chake pale Kitale. Barua ziliandikwa kwa wakubwa wa mbio, watazamaji wazuiwe kwa kamba. Hakuna kamba iliyofungwa kwenye kona yoyote.

Mwaka wa elfu mbili na tano, rali ikarudi. Jumamosi asubuhi mkewe, Rosaline, alimkuta akipangusa lenzi ile ndefu.

"Baba Mukami, Kibe hakukutosha? Sasa unataka nani?"

Ngige alifunga begi, akatoka, akapanda pikapu iliyokuwa ikipeleka viazi Bungoma.

Kona ilikuwa ile ile. Watu kama mia mbili walikuwa wamejazana upande wa nje, wengine na watoto mabegani, vidole vya miguu vikigusa barabara. Osman, msimamizi wa kona, alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Rudini nyuma, jamani! Mtakufa!"

"Kwani ni wewe utakufa? Puliza, bana, tucheze!"

Ndipo Nakhungu, mama wa mahindi ya kuchoma, alipomwona. "Ati ni Ngige? Mzee wa kamela amerudi!"

Vichwa vikageuka. Osman alikuja mbio, akamshika mkono. "Mzee, wallahi nakuomba. Rudi nyumbani. Hawa nilio nao wamenishinda, usinivutie wengine."

"Niache, Osman. Natafuta mahali."

Alitazama jua, akatupa konzi ya vumbi hewani kuona upepo unaelekea wapi. Kisha akavuka barabara hadi ndani ya kona, akazunguka kichuguu kikubwa kilichosongwa na miwa, na huko nyuma akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu.

"Sasa huko utaona nini?" Osman aliuliza.

"Wee, nyamaza!" Nakhungu alimkata. "Huyu ndiye anajua. Gari litaluka hapo hapo!" Akabeba jiko lake na moto ndani.

Wakaja wote, wakisukumana, wakiivunja miwa ya watu, wakajipanga nyuma ya mgongo wa Ngige kama mwaka ule. Alihisi pumzi zao kisogoni. Safari hii hapakuwa na mtaro wa kurukia. Angewaambia nini? Aliwahi kuwaambia.

Gari la kwanza likapita. Vumbi. La pili. Vumbi tena. Kidole chake kilibonyeza na kubonyeza, gari baada ya gari, bila kupumzika hata mara moja.

La tano walilisikia tu. Breki zililia, mawe yakarushwa, kisha kishindo. Walipochomoka nyuma ya kichuguu, waliliona ng'ambo, upande wa nje wa kona, limelala chali juu ya nyasi walizokuwa wamezikanyaga wao wenyewe. Dereva alikuwa akitambaa kutoka dirishani, mzima.

Zikazuka kelele.

"Tumekosa, bana! Si tulikuwa pale pale?"

"Mzee ametupoteza! Macho yameisha!"

Nakhungu alitema mate chini. "Twendeni ile kona ingine, kwa shamba ya Chelimo. Kuko na mpiga picha wa Nairobi. Huyo ndiye anajua kazi."

Umati ukakata shamba mbio. Ngige akawaita, hakuna aliyegeuka. Akajaribu kuwakimbilia, wakamwacha mbali. Kule mbele alimwona yule mtu wa Nairobi amepiga goti nje ya kona, kwenye mwanga mzuri, na watu wakianza kujipanga nyuma yake.

Osman alikuwa amesimama kando, filimbi ikining'inia. "Mzee, pole. Angalau hizo za mwanzo zimetoka? Nipe filamu niwapelekee watu wa gazeti."

Ngige akafungua mgongo wa kamera, akamwonyesha. Ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na filamu tangu wiki aliyozikwa Kibe.

Zimebaki kona sita, na Ngige ni mmoja. Usigeuze uso tena: chukua kamera yoyote, hata iliyokufa, kimbia sasa hivi ukasimame mahali ambapo hapaonekani kitu.