Mlima Mbele ya Mjukuu

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufunika picha, huku Bi Tatsue, mtazamaji wa stesheni yetu ya Kijapani, akinifokea kwa simu kutoka Düsseldorf, Ujerumani.

"We kijana! Kila mjukuu wangu akishika mpira, mnaniwekea picha ya Mlima Fuji!"

"Bibi, habari tunazipata kutoka Japani, lakini haki za kuonyesha besiboli huku Ulaya hatuna."

"Haki? Nani ana haki naye kunishinda mimi niliyemwogesha?"

Kwa miaka nimewafunika wachezaji kwa mlima ule, hata theluji yake nimeichukia.

Kwenye skrini ya studio yetu ya London, msomaji wa habari alitangaza kwamba mrushaji mpira mkongwe anacheza leo kwa mara ya mwisho. Kisha akatokea mrushaji huyo, mjukuu wa Bi Tatsue mwenyewe. Alivua kofia, akapangusa paji la uso kwa mkono uliopinda kidogo kwenye kiwiko.

"Funika!" mkubwa wangu akapayuka nyuma yangu. "Mwenzako tulimfukuza kwa uzembe huu huu!"

Nikakitoa kidole kitufeni, nikautia mkono mfukoni.

"Bibi," nikasema, "acha kufoka, utazame."