Bastola ya Mfukoni ya Papa Méthode

Bastola ya kwanza nusura imvue Papa Méthode suruali. Aliitumbukiza mfukoni, akapiga hatua kuelekea mlango wa duka, na upande wa kulia ukateremka mpaka pindo la bukta likachungulia. Akaipandisha bila haya, akamgeukia Hardy.

"Mwambie hii iko nzito. Nataka ya mfukoni, mtu akiniona asijue kama ninayo."

Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, miwani imefungwa kamba shingoni. Hardy akamtafsiria kwa Kiingereza, sauti ikimtoka kwa shida. Na wewe ungekuwa Hardy, ingekutoka?

Maana huyu Papa Méthode ndiye baba wa Grâce, mpenzi wa Hardy. Na Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Hardy alikuwa chumbani kwa Grâce kule mtaa wa Glenwood, anakula fufu na sombe ya majani ya muhogo kwa raha zake, mara sauti ya mzee ikasikika getini. Hodi ya ghafla, bila hata ujumbe. Hardy alipita dirisha la jikoni na ukuta wa jirani, akafika barabarani mzima, ila miguu mitupu. Viatu vyake vyeusi vya ncha kali alikuwa ameviacha mlangoni, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Grâce aliapa kwamba baba yake hakusema neno. Aliviruka viatu, akakaa, akamalizia sombe. Basi Hardy akajipa moyo kwamba mzee hajui kitu. Mpaka leo asubuhi, alipomwona anaingia kwenye duka la simu analofanyia kazi pale mjini, anatafuta mkalimani. Papa Méthode amesimamia kontena bandarini miaka na miaka, na Kiingereza chake kinaishia hukohuko kwenye kontena. Karatasi za kuishi nchi hii anazo, cheti cha polisi cha kwamba anajua kutumia silaha anacho, kilichobaki ni silaha yenyewe. Twende unisaidie kuchagua, akasema, na mtu mzima hakataliwi.

Kwa hiyo Hardy alikuwa anachagua chombo cha kupigwa nacho yeye mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mwingine atachimba huku anatafsiri.

Mama duka akaleta ya pili. Hii nyundo yake imechomoza nyuma, akaonya, mtu akiichomoa kwa haraka itanasa kwenye kitambaa. Hardy aliipenda papo hapo. Akaimwagia sifa, akasema hata polisi wakubwa wanabeba hiyo. Papa Méthode akaijaribu, ikanasa kwenye mfuko, akahangaika nayo mpaka mama duka akaja kumnasua. Akaikataa.

Ndipo ikaja ya tatu. Rivolva ndogo ya risasi tano, mtutu mfupi kama kidole gumba, nyundo imefichwa ndani, mwili wa madini mepesi. Mama duka akaeleza kwamba wepesi una taabu yake. Inaruka mkononi, na mlengwa akisogea mbali kidogo, hata mpigaji hodari hukosa. Tena madini hayo ni adimu, ndiyo maana hii ni ghali kuliko zote kabatini.

Hardy alisikia neno moja tu: hukosa. Akatafsiri wepesi, taabu akaimeza.

"Papa, chukua hii. Iko nyepesi kama simu na chaja yake. Suruali haitajua kitu."

Mzee akauliza bei. Alipoambiwa, akapiga mluzi.

"Eish. Hiyo pesa mtu anaweza kuitoa kweli?"

"Bei si kitu, Papa. Mtu kama wewe anastahili kilicho bora."

"Ni wewe umesema."

Papa Méthode akaitia mfukoni, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Suruali ikatulia. Akafurahi, na furaha ikamfungua mdomo. Akasimulia kwamba silaha pekee aliyowahi kununua ilikuwa gobore, kule kwao Kongolo, akiwa kijana kama Hardy, kwa jasho la kulima pamba. Hardy akauliza alipiga nini nalo, mradi tu muda uende.

"Sikupiga kitu. Sikulishika tena hata siku moja. Lakini kazi yake lilifanya." Halafu akateremsha macho. "Hivi viatu iko vipya?"

"Ndiyo, Papa."

"Vile vyeusi vilikuwa vizuri zaidi."

Basi. Yamekwisha. Hardy akautazama mlango, lakini mlango ule hufunguliwa kwa kitufe, na kitufe kiko chini ya meza ya mama duka. Akamkumbuka Grâce, moyo ukamuuma. Alimpenda msichana yule, alimpenda kweli, na siku zote alikosa ujasiri wa kwenda kwao kujitambulisha kama wanaume wengine. Woga wake ndio uliomfikisha hapa.

Mama duka akavaa miwani. Silaha itabaki dukani mpaka leseni itoke, akasema, ila malipo ni leo. Aandike jina la nani?

Papa Méthode akaweka mkono begani kwa Hardy, mkono mzito kuliko ile bastola ya kwanza.

"Mwambie hivi. Leseni aandike jina langu. Lakini katika ukoo wetu, baba wa msichana hajinunulii bunduki. Anachagua tu. Kulipa, analipa mkwe."

Hardy akatafsiri neno kwa neno, taratibu, kwa Kiingereza chake kizuri. Alipofika mwisho ndipo akaona mama duka ameshamsogezea yeye mashine ya kadi.