Gari ya Mahmoudi Inayumba

Mahmoudi aliipiga ile bulon, bolti ya chuma, juu ya meza ya garaji hadi makopo ya grisi yakaruka.

"Papy! Hii ni nini? Nimeiokota chini ya zulia la gari yangu. Munafungua gari ya mutu, munasahau vyuma ndani! Kule Dubai fundi kama weye angefukuzwa mbele ya chai ya asubuhi."

Papy, aliyekuwa akitengeneza magari katika mtaa wa Makiso kwa miaka ishirini, aliigeuza vidoleni. Nene, ndefu kama kidole cha kati.

"Papa Mahmoudi, kwa kazi nilifanya hakuna bulon ya namna hii."

"Weye unajua nini?"

Akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo ilikuwa ushahidi wake. Mwenye mikate alionyeshwa, kinyozi alionyeshwa, hata shekhe, viatu vikiwa bado mkononi: tazameni, ndio mafundi wa Kisangani hawa.

Gari yenyewe ilikuwa hibridi, nyeupe, ile ya kutembea kwa mafuta na betri pamoja. Aliipandisha mto kwa boti kutoka Kinshasa, na hapa mjini hakuna aliyestahili kuigusa. Kuiosha, mwenyewe. Mafuta, mwenyewe. Vumbi lilipoziba njia za hewa za betri kule chini ya viti, alilitoa mwenyewe, siku nzima, funguo mkononi na video kwenye simu, huku majirani wakitazama. Basi si aibu, gari kama hiyo kuanza kuyumba? Kila kona alijisikia anamwagwa upande kama maji ya beseni. Hapo ndipo alipomeza mate na kwenda kwa Papy.

Halikuwa neno la starehe tu. Ijumaa alikuwa anakuja Madame Clémence, mkurugenzi mpya kutoka Goma, akitafuta gari na dereva wa mwaka mzima wa kumpeleka uwanja wa ndege wa Bangoka na kumrudisha. Tumbo lake, ilisemekana, halivumilii gari ya kuyumba. Mwingine aliyeomba kazi hiyo ni Bonheur, mwenye jeep kuukuu ambayo Mahmoudi aliiita katoni ya sabuni yenye magurudumu. Lakini Bonheur alikula jasho lake. Mahmoudi, tangu arudi kutoka Dubai, alikula kwa duka la vitenge la mke wake, na mtaa mzima ulijua.

Kabla ya ile siku ya bulon, Papy alikuwa amebadilisha amortisseur zote nne, zile za kumeza mashimo, na kutia springi ngumu. Ikayumba. Akafunga chuma kutoka bega moja la gari hadi jingine, chini ya boneti. Ikayumba. Akafunga vyuma viwili chini ya shasi, kushoto hadi kulia. Gari ikakazana kama ngoma. Ukikanyaga kokoto, meno yanagongana. Kwenye kona, Mahmoudi anamwagwa vilevile.

Walitoka kuijaribu, mke wake Asha pembeni, Papy nyuma.

"Mimi sisikie kitu, papa Nadia," alisema Asha.

"Weye wa kupima vitenge, utasikia nini?"

"Papa, gari iko imesimama sawa," alisema Papy.

"Nyamaza. Sikuulize weye."

Ijumaa Madame Clémence alikaa nyuma, mkoba magotini. Kwenye mzunguko wa kwanza Mahmoudi aliomba radhi kabla hajaulizwa. "Utatusamehe kwa kuyumba, madame. Mafundi ya hapa ni bachinjaji." Akampitishia ile bulon nyuma aione.

"Kuyumba gani?" Madame alimrudishia, naye akaitia mfukoni.

Kona ya pili: "Umesikia?"

"Mimi naona ni weye unayumba, monsieur. Gari iko imetulia."

Mahmoudi alicheka kwa huruma. Mtu wa ofisi, angejua nini?

Kabla ya kufika njia ya Bangoka, chuma kimoja cha chini kilianza kulia. Funguo zake alizisahau nyumbani. Akasimama kando, kwa Issa, mtengeneza toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya minyororo na pampu.

"Weye wa pedali, uniazime ufunguo wa kumi na ine. Na usiguse kitu."

Issa alitoa ufunguo, akaitazama gari. "Iko na shida gani, papa?"

"Inayumba kwenye kona. Haiko baiskeli hii."

"Sisi, mutu wa toleka akisema inayumba, tunaangaliaka kwanza kiti."

Mahmoudi alicheka hadi akakohoa. "Kiti! Madame, umesikia? Nimefunga vyuma tatu, amortisseur ine, huyu ananiambia kiti!"

"Ni kuangalia tu, papa."

"Angalia, angalia! Ufurahi."

Issa alijifuta mikono kwenye suruali, akafungua mlango wa dereva, akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti, akasukuma. Kiti kikacheza kama jino la mtoto. Akapiga goti, akachungulia chini, halafu bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma.

"Papa, ile bulon unaonyeshaka mji muzima iko kwa mufuko yako. Unipe."

Iliingia kwenye tundu tupu chini ya kiti kwa mizunguko mitatu, kama inarudi kwao.

Mahmoudi alipogeuka, Madame Clémence alikuwa amekwisha kupanda toleka, mkoba magotini, akimuuliza mwendeshaji kama anajua kwa Bonheur.