Zulia la Wageni

Kila Jumamosi Bi Nakijwa aliipaka sakafu yake nta nyekundu, akaisugua mpaka jirani akiinama aone meno yake. Lakini Kamanda, mbwa wake mzee wa miguu mitatu, siku hizi hakuingia tena ndani. Alifika kizingitini, akatetemeka, kisha akarudi uani akichechemea.

"Amezeeka, hataki tena watu," Bi Nakijwa alimwambia daktari wa mifugo aliyemwita.

Daktari alivua viatu kwa heshima ya sakafu ile. Akapiga hatua mbili kwa soksi, ya tatu ikamkalisha chini. Hakuinuka. Alimwita Kamanda mlangoni, akampapasa nyonga taratibu.

"Mama, dawa ya maumivu nitakupa, umchanganyie kwenye uji. Ila watu bado anawataka sana. Anachoogopa ni hiki kilichoniangusha mimi."

Bi Nakijwa alipanda kwenye kiti, akateremsha kutoka juu ya kabati zulia zito la maua alilotunzwa siku ya harusi ya binti yake, zulia ambalo hata mchungaji hajawahi kulikanyaga. Akachukua mkasi, akalikata vipande virefu, akavitandika kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake.

"Haya, mzee mwenzangu. Karibu ndani."

Kamanda alinusa ua la kwanza, akalikanyaga. Halikuteleza. Akaongeza mguu wa pili, na wa tatu, na alipofika katikati alikuwa anakimbia, mkia ukimpiga daktari usoni. Bi Nakijwa, mkasi bado mkononi, alishaanza kupima kwa macho njia ya kwenda chumbani.